Harusi ya Boneti

Usiku wa kuamkia jana, fundi Onesmo Kaduma wa Makambako aliota kwamba nusu ya juu ya boneti ya ndege yake imeiposa nusu ya chini, posa imekubaliwa, kamati imeshakaa vikao, na yeye mwenye ndege hakuna aliyemwambia.

Kabla hatujaingia ndotoni tuelewane kwanza kuhusu hiyo ndege, maana wapo watakaodhani nayo ni sehemu ya ndoto. Ndege ipo. Imekaa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba ya Onesmo, ina mabawa, ina magurudumu, ina viti viwili. Onesmo ni fundi bodi. Ukigonga mti na gari lako ukampelekea, atalinyoosha mpaka mti uonekane mwongo. Miaka mingi iliyopita, kwenye harusi yake, alisimama mbele ya wakwe waliokuwa wamefika kutoka Makete wakiwa hoi kwa vumbi na kona za milimani, akatamka kwamba mke wake hatarudi kuwasalimia kwa barabara ile. Atampeleka kwa ndege. Wakwe wakapiga vigelegele. Walidhani ni mzaha wa harusini. Onesmo hakuwa anatania, na shida za watu wengi huanza hapohapo, kwa kusema jambo kwenye kipaza sauti.

Basi ndege ikaanza kujengwa. Mwaka huu vipuri, mwaka ule mbao, mwaka mwingine hakuna kitu. Majirani walicheka mpaka wakazoea, kisha wakaanza kuwaonyesha wageni wao.

Kilichobaki sasa ni boneti tu, lile gamba la faiba linalofunika injini puani mwa ndege. Ni nusu mbili, ya juu na ya chini, zinazokutana ubavuni na kushikana kwa bawaba ndefu. Zinapotoka kwenye kalibu huwa na ukingo wa ziada, na fundi huukata taratibu mpaka zikutane. Ukikata kidogo, boneti inakuwa pana. Ukikata sana, inabana. Na ukishakata umekata, kwa sababu faiba si majani ya chai kwamba yatachipua tena wiki ijayo.

Onesmo aliitaka ibane. Aliitaka ikumbatie injini pasiwe na pa kupitisha hata unyoya, ili siku watu watakapokuja kuiona aseme, "Gusa hapo," nao waguse na kunyamaza. Alikuwa ameshachora mstari wake kwa wino, ndani kabisa, mahali ambapo fundi mwingine angepatazama na kumeza mate.

Jumapili mkewe Wende alipita bandani akimtafuta kuku wake. Wende ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na stendi. Kuku huyo anaitwa Kishungi kwa sababu ya manyoya yaliyosimama kichwani, na ana tabia ya kutaga ndani ya nusu ya chini ya boneti kila inapofunguliwa. Wende alimbeba kuku, akautazama ule mstari wa wino.

"Baba Aneth, hapo umeiachia nafasi ya kupumua?"

"Mama Aneth, hii si gauni."

"Inatetemeka au haitetemeki, hiyo injini?"

"Nimesema hii si gauni."

"Haya," alisema Wende.

Waliooa wanalijua hilo "haya". Jioni, wakiwa mezani, alitangaza kwa upole kwamba Pasaka anakwenda kumwona mama yake, na kwamba ameshaongea na konda wa basi la Makete amwekee siti ya dirishani. Tangu hapo akawa anamhudumia mumewe vizuri mno. Chai mezani, maji ya kuoga tayari, ahsante, karibu. Onesmo alikuwa anakosa usingizi kwa adabu hiyo, ila hakuwa tayari kuufuta mstari. Akapanga kukata jana asubuhi.

Akalala. Ndipo ndoto ikamchukua.

Anaingia bandani mchana kweupe, ameshika grenda. Banda ni lilelile, ila limepangwa viti vya plastiki mpaka ukutani, na kila kiti kimefungwa utepe wa rangi ya zambarau. Mbele kuna meza. Kwenye meza amekaa Kishungi, na mbele yake kuna chupa ya maji ambayo hajaifungua.

"Umechelewa," anasema Kishungi. "Kaa."

"Mimi nimekuja kukata ukingo," anasema Onesmo.

"Kila mtu amekuja na lake. Kaa."

Onesmo anakaa. Haoni ajabu kuamriwa na kuku. Kinachomsumbua ni kwamba amekalishwa kiti cha nyuma, kwa wageni wasiochangia. Anaangaza macho. Nusu ya juu ya boneti imeegemea nguzo kwa madaha, imepakwa rangi ambayo yeye hakuipaka. Nusu ya chini imefunikwa kitenge, inatazama chini kama inavyotakiwa. Katikati yao umesimama waya wa bawaba, ule mrefu unaochomekwa kuzishikanisha nusu mbili. Umevaa tai.

"Huyu ni nani?" Onesmo anamnong'oneza aliye kando yake, ambaye ni turubai.

"Mshenga," turubai linajibu. "Ndiye anayepita kati ya pande mbili. Ulifikiri kazi yake nini?"

Waya unakohoa, unainama upande huu, unainama upande ule. "Wazee," unasema, "kama tulivyokwisha kusikilizana, upande wa juu umeona ua. Upande wa chini haukukataa. Limebaki jambo moja dogo, mahari, na mahari imetajwa kuwa ni nafasi."

"Nafasi ya nini?" anauliza Onesmo, na viti vyote vinageuka kumtazama.

"Nafasi," anasema Kishungi. "Nafasi haina ya nini."

"Lakini nafasi haionekani! Nitawaonyesha nini watu?"

Hapo kitu kikanguruma nyuma ya meza, na Onesmo akaona kwamba injini yake nayo imehudhuria. Imekaa kwenye raba zake nne, imevaa kanzu, na ina sura ya baba mdogo ambaye hajaulizwa jambo tangu asubuhi.

"Fundi," inasema injini, "hawa wawili wanaoana juu ya kichwa changu. Nyumba watakayokaa ni mimi niliyemo. Sijakataa. Lakini nimesikia umechora mstari."

"Nimechora."

"Uko wapi?"

Onesmo anaonyesha. Injini inautazama mstari wa wino kwa muda mrefu, na mafuta kidogo yanaitoka, kama chozi la mtu mzima asiyetaka kuonekana.

"Mimi hutetemeka," inasema.

"Lini?"

"Nikiamka. Na nikilala. Hapo katikati nimetulia, lakini nikiamka lazima nijinyooshe, na nikilala lazima nijigeuze. Wewe huwa huamki?"

"Huwa naamka."

"Unajinyoosha?"

"Kidogo."

"Ukiwa umefungwa ndani ya sanduku utajinyooshea wapi?"

Onesmo akapandisha sauti, kama wote walioshindwa hoja. "Jamani, hii ni boneti! Ikiwa pana watu watasema Kaduma ameshindwa kazi. Wamenicheka miaka yote hii. Mnataka siku ya mwisho niwape sababu?"

Viti vikasogea nyuma. Hata turubai lilivuta kiti pembeni kidogo. Kishungi alikung'uta manyoya, akatoa uamuzi kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza muda wa chakula.

"Fundi avae kwanza mwenyewe."

"Nivae nini?"

"Boneti. Kwa mstari wako."

Onesmo anafungua mdomo abishe, lakini banda limeshaondoka. Yuko kwenye kibanda cha Wende karibu na stendi. Vitambaa vimening'inia, kalenda iko pale pale ukutani, redio inaimba chini chini. Wende hayupo. Kuna cherehani peke yake, ile nyeusi ya miguu, na futi imejizungusha shingoni mwake.

"Simama hapo," inasema cherehani. "Pumua."

Onesmo anasimama. Futi inamzunguka tumbo, naye, kama wanaume wote wa dunia hii wanapopimwa, anavuta tumbo ndani.

"Unabana tumbo," inasema cherehani.

"Sibani."

"Unabana."

"Ndivyo lilivyo."

Cherehani inakanyaga pedali mara moja, taratibu, inawaza. "Nimeshona mjini hapa tangu wanawake wavae mabega yaliyoinuka," inasema. "Nikuambie jambo. Anayebana tumbo kwa fundi hulia siku ya sherehe yake. Mkeo amesema hayo?"

"Mke wangu ameuliza tu kama inatetemeka."

"Ukamjibuje?"

Onesmo anatazama kalenda. "Nilisema hii si gauni."

"Kweli si gauni," inasema cherehani. "Gauni ukikosea unaongeza kipande."

Kisha inashona. Inashona haraka, na Onesmo anashangaa kuona faiba ikipita chini ya sindano kama kitambaa cha kawaida, na mstari wake wa wino ukifuatwa bila kukosewa hata kidogo. Hilo linampendeza. Anaona fahari, anasema moyoni, kumbe hata cherehani inajua mstari mzuri ukiuona. Inapomaliza inamrushia vazi, naye analitambua. Ni koti lake la harusi.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu koti hilo, kwa kuwa lipo kweli kama ndege ilivyo kweli. Lilishonwa na Wende kabla hajawa mkewe. Alikuwa msichana aliyehamia Makambako karibuni, na Onesmo alikwenda kibandani kwake kushona koti la harusi ya kaka yake. Huko ndiko alikoanza kurudi kila siku kuuliza kama koti limekwisha. Lilipokwisha, kamati ya harusi ya kaka ililigeuza ndani ikacheka. Nafasi iliyoachwa kwenye mishono ilikuwa ya kutoshea mtu wa pili. "Huyu binti hajui kupima," walisema. Onesmo akalivaa koti hilo kwenye harusi ya kaka, kisha kwenye yake, kisha kila Krismasi, na mwili unavyoongezeka Wende hufungua mshono kidogo tu jioni moja, na koti linamkaa. Onesmo hajawahi kulifikiria jambo hilo. Alidhani yeye ni mtu asiyenenepa.

Koti la ndotoni halikuwa na nafasi hata moja. Alipolivaa na kufunga kifungo chake, mikono ilibaki imenyooka pembeni kama mabawa.

"Linakukaa," ilisema cherehani. "Gusa hapo."

Onesmo hakuweza kugusa.

Sasa yuko ukumbini. Taa, maua ya karatasi, keki. Nusu mbili za boneti zimekaa jukwaani zikiangaliana, na yeye amesimamishwa mlangoni awapokee wageni. Wageni wenyewe ni upepo. Ni upepo wa Makambako, ule wa asubuhi unaowafanya watu wavae makoti mawili, na unaingia kwa milango miwili ya mbele kwa adabu, mmoja mmoja, ukiwa umejifunga shuka.

"Kamwene!" wanamsalimia.

"Kamwene," anajibu Onesmo kwa sauti nyembamba, maana kifua hakipandi.

"Mbona sauti imepotea, Baba Aneth?"

"Mafua."

Wanaingia. Wanaingia wengine. Wanapita kati ya meza, wanakaa, wanasimama, na ukumbi unajaa. Kwa kuwa kila mgeni aliyekaribishwa lazima asindikizwe, baada ya muda wageni wa mwanzo wanasimama, wanakunja shuka zao, wanaanza kuaga.

"Tumefurahi sana," anasema mmoja. "Tunaomba njia."

"Piteni mlango wa nyuma."

"Upo wapi?"

Onesmo anageuka kwa mwili mzima, maana shingo haigeuki peke yake. Nyuma, pale chini ya nusu ya chini, ambapo kulitakiwa kuwa na mlango mpana, kuna ufa. Anaukumbuka ufa ule. Yeye ndiye aliyeukaza mwezi uliopita, kwa sababu uwazi wa nyuma, wa kutolea hewa ya moto ya injini, aliuona haupendezi.

"Piteni hapo pembeni pembeni," anasema.

Wageni wanatazamana. Wageni wa kule kwetu hawasemi ukweli wakiwa kwa mtu, kwa hiyo wanasema, "Hakuna neno, tutasubiri," na wanarudi kukaa. Lakini wa mbele wanaendelea kuingia. Joto linapanda. Upepo wa Makambako, ambao tangu kuumbwa kwake haujawahi kutoka jasho, unaanza kujipepea kwa kadi za mwaliko. Keki inainama. Mama mmoja wa upepo anasema kwa upole wa kutisha, "Hapa tumekaribishwa, ila hatujaagwa," na wote wanaitikia, "Mmh."

Waya wa bawaba unapanda jukwaani. Umeshakuwa mshereheshaji. "Mabibi na mabwana! Ili ndoa itimie, mwenye boneti ataamka. Yaani atacheka! Injini ikiwaka hutetemeka, mtu akiwaka hucheka. Bwana Kaduma, cheka!"

Wanapiga makofi. Onesmo anajaribu. Anacheka kwa midomo tu, kile kicheko cha kumpokelea mkuu wa wilaya.

"Hicho si kicheko," anasema Kishungi kutoka meza kuu. "Tumbo halijafanya kazi."

"Tumbo halina pa kwenda!"

"Nani aliyechora mstari?"

Ndipo anasikia mlio. Katikati ya ukumbi, kati ya meza za upande wa bibi harusi na za upande wa bwana, basi la Makete linanguruma. Hakuna anayelishangaa, watu wanainua sahani zao lipite. Kwenye dirisha la tatu amekaa Wende. Amevaa kitenge chake cha Jumapili, begi liko mapajani, na anamtazama mumewe bila hasira. Hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Onesmo hofu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeahidiwa jambo zamani, akasubiri vya kutosha, akaamua kujipeleka mwenyewe.

Konda anagonga bati. Basi linaanza kusogea, pole pole, likikwepa maua.

Onesmo anataka kumwita. Jina liko mdomoni, lakini jina nalo linahitaji hewa, na hewa yote imekaa kwenye viti ikisubiri kuagwa. Anajaribu kunyanyua mkono. Mkono ni bawa. Anajaribu kukimbia, koti linamshika magoti. Miaka yote ile, mbao zile, gundi zile, usiku wote aliolala akinuka faiba, alikuwa akijenga kiti cha pili kwa ajili ya mtu mmoja. Na sasa mtu huyo anaondoka kwa barabara ileile, kona zilezile, kwa sababu yeye aliona aibu kuacha uwazi wa kidole gumba. Onesmo akaona uchungu wa kweli. Alimpenda mwanamke yule kuliko ndege. Hakuwahi kujiuliza, lakini alipoulizwa na basi alijibu papo hapo.

Akavuta pumzi. Hakuvuta kama mtu anayepimwa. Alivuta kwa tumbo lote, lile la ukweli, alilolificha kwa cherehani.

Kifungo kikaruka. Kilisema *ti*, kikapaa juu ya meza, juu ya keki, juu ya manyoya ya kichwani mwa Kishungi, mwenyekiti, kikapotelea kule ilikokaa injini.

Na koti likafunguka. Kumbe halikuwa la faiba. Ndani ya kila mshono kilikunjwa kitambaa, na ndani ya kile kingine, nafasi juu ya nafasi, na vyote vikaanza kukunjuka vikitoka ubavuni mwake, vikajaa ukumbi, vikasukuma ukuta wa nyuma mpaka ule ufa ukawa mlango. Upepo wote ukasimama kwa pamoja. "Tunashukuru," wakasema, "tunashukuru, salimia nyumbani," na wakatoka mbio wakiwa wamebeba shuka zao. Injini ikajinyoosha. Ikatetemeka huku na huku, haikugusa kitu, ikasema, "Aaah." Jukwaani, nusu mbili za boneti zikashikana mikono. Kishungi akafungua chupa yake ya maji.

"Wende!" Onesmo akapiga kelele. "Wende, subiri!"

Basi likawasha taa nyekundu za nyuma. Lakini taa hizo huwaka likisimama, na huwaka pia likipunguza mwendo kwenye kona, na kabla hajajua ni lipi kati ya hayo mawili, akaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu, na jikoni kulisikika sufuria. Alikaa kitandani akijipapasa tumbo. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa vitendo na haamini ndoto, alikwenda moja kwa moja kabatini kutazama koti.

Kifungo hakikuwepo. Pale kilipokuwa palibaki ncha mbili za uzi mweusi, zimetoka nje kana kwamba kitu kimezivuta kwa nguvu.

Alijiambia kwamba kilidondoka Krismasi. Alijiambia hivyo akiwa tayari ameshavaa ndala na anavuka uwanja kwa pajama. Bandani kila kitu kilikuwa mahali pake. Boneti ilikuwa imefungwa juu ya injini kwa skrubu za muda, zote, kama alivyozikaza mwenyewe jioni, na vumbi la msasa juu yake halikuwa limeguswa. Kishungi alikuwa amelala juu ya pipa. Alifungua jicho moja, akamtazama, akalifumba.

Onesmo alifungua skrubu moja moja. Aliinua nusu ya juu.

Kifungo kilikuwa juu ya injini. Alikiokota, akakidondosha, akakiokota tena kwa ncha ya pajama, maana kilikuwa cha moto. Injini ile haijawahi kuwashwa tangu iingie Makambako.

"Baba Aneth."

Wende alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mahindi ya kuku. Alimtazama mumewe miguuni, akamtazama pajama, akamtazama mkononi.

"Hicho ni kifungo cha koti lako."

"Ndicho."

"Kimefikaje humo?"

Onesmo alifikiri. Alikuwa na majibu mawili, la fundi na la mume. "Kilikosa nafasi," alisema.

 Wende alimwaga mahindi chini ya pipa, na Kishungi akashuka bila haraka, kwa heshima zote za mwenyekiti. Nje, upepo wa asubuhi ulipita kwenye mabati ukaendelea na safari yake.

"Mama Aneth," alisema Onesmo, akatazama injini badala ya kumtazama yeye. "Una chaki yako hapo?"

Fundi cherehani hakosi chaki. Wende aliitoa kwenye nywele, chini ya kilemba, ilipokuwa imechomekwa tangu jana. Alikuja, akauzunguka ubavu wa boneti taratibu, akaugusa ukingo kwa kidole gumba kama anavyogusa pindo la mteja asiyejijua. Alichovya ncha ya kitenge kwenye mafuta ya taa, akaupangusa mstari wa wino mpaka ukaisha. Onesmo alimwacha. Ilimuuma kidogo, tusidanganyane. Ulikuwa mstari mzuri.

"Nikuachie kiasi gani?" Wende aliuliza, chaki imesimama hewani.

"Unavyomwachia mteja anayekuja kupimwa mwezi wa kumi, na nguo ni ya Krismasi."

Midomo ya Wende ikakaza, kisha ikashindwa. Alicheka, na tumbo lilifanya kazi. Kisha aliinama akachora, mstari mweupe, mbali kabisa na pale ulipokuwa ule wa kwanza, na alipofika nyuma, kwenye ule uwazi mwembamba wa chini, akaupanua pia bila kuuliza.

"Hapo pa kutokea napo," alisema Onesmo. "Vizuri. Wageni wanapenda kusindikizwa."

Wende aliinua macho, akamtazama kidogo, akaona ni afadhali asiulize. Alifuata mkunjo wa mwisho, akapuliza vumbi la chaki, akasogea nyuma kuitazama kazi. Aliichomeka chaki tena kwenye nywele.

"Ngoja kupambazuke vizuri nimpigie yule konda wa Makete," alisema, akiokota bakuli lake. "Ile siti ya dirishani ampe mtu mwingine. Na wewe leta hilo koti, nikushonee kifungo chako."